Kumkinga Bibi kwa Kumchanja Mjukuu

Leo tutasoma habari za homa ya mafua, ile inayomlaza mtu kwa kikohozi, baridi na maumivu ya mwili.

Mtoto mwenye afya huumwa siku chache, kisha huinuka akacheza. Bibi yake mwenye ugonjwa wa moyo aweza kufa kwa homa hiyo hiyo. Naye aliipata wapi, hali hatoki nyumbani? Mjukuu aliileta kutoka shuleni.

Mtauliza, mbona tusimchanje bibi peke yake? Achanjwe, ndiyo. Lakini mwili wa mzee mara nyingi haupokei chanjo vizuri kama wa kijana.

Wajapani walianza kuwachanja watoto wa shule mwaka 1962. Baadaye watu wakaona haina faida, na mwaka 1994 mpango ukaachwa. Mwaka 2001 wataalamu walikadiria kwamba chanjo ile ya watoto ilikuwa ikizuia vifo 37,000 hadi 49,000 kila mwaka, hasa vya wazee. Wako waliobisha hesabu hiyo. Hata ukiipunguza nusu, ni watu wengi.

Chanjo hurudiwa kila mwaka, maana virusi vya mafua hubadilika. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi. Iko ya sindano, na iko ya kupuliza puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Kama nyumbani yupo mgonjwa aliyepungukiwa sana na kinga ya mwili, mwambieni daktari kwanza; atachagua sindano.

Sasa andikeni daftarini: chanjo, sindano, mjukuu.