Hazina Isiyochimbwa kwa Jembe



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika hii ya 17 ya Mwaka A, katika sura ya 13 ya Mathayo, yatuonyesha mtu aliyekuta hazina imefichika shambani. Hakuiba usiku. Aliuza kila alichokuwa nacho, akalinunua shamba lote kwa furaha. Tutafakari pamoja: ni hazina gani impasayo mtu kutoa vyote alivyo navyo?

Wakati wa likizo tuliwapeleka watoto wa Utoto Mtakatifu wa parokia yetu Bagamoyo, mahali ambapo Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao mwaka 1868. Ili watoto wasichoshwe na maelezo, tuliwaandalia mchezo wa kutafuta hazina. Kila kundi lilipewa kitendawili. Jibu lake lilikuwa mahali fulani, na mahali hapo palikuwa na kitendawili kingine. Mwisho wa yote tulificha kisanduku.

Cha kwanza kilisema: "Mgeni wangu alilala usiku mmoja, moyo wake kauacha mbali." Baada ya kuhangaika sana waliutambua mnara wa kanisa la zamani. Hapo ndipo ulipofikishwa mwili wa Daktari Livingstone tarehe 24 Februari 1874, ukichukuliwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Moyo wake walikwisha kuuzika kule, chini ya mti. Cha pili kilisema: "Mikono nimeinyoosha miaka yote, wala sijachoka." Wakakimbilia msalaba ulio karibu na bahari. Cha tatu kilisema: "Nyumba zetu hazina milango, nasi hatuna haja ya kutoka." Mtoto mmoja akapaza sauti, "Yai!" Wenzake wakacheka, kisha wakatimua mbio kuelekea makaburini.

Hapo tuliona kosa letu. Kisanduku tulikiweka kando ya makaburi, na watoto, kwa hamu ya kushinda, walirukaruka juu ya marehemu. Hawakuwa na hatia. Sisi tuliwaelekeza kwenye zawadi, hatukuwaelekeza kwenye heshima. Tukawasimamisha, tukawaomba radhi, tukasali pamoja nao "Raha ya milele".

Ndipo walipoanza kusoma misalaba. Binti mmoja alitoa mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa kufa, akanyamaza, kisha akasema, "Huyu alikuwa kijana tu." Ndivyo ilivyokuwa kwa wamisionari wengi waliolala pale. Homa ziliwaua kabla hawajaota mvi. Na mvulana mmoja akatuuliza kwa sauti ya chini, "Padre, ni kweli Wajerumani walizika rupia hapa? Mjomba wangu amesema makaburi ya zamani yana mali."

Ndugu wapendwa, swali hilo si la mtoto yule peke yake. Katika nchi yetu wako watu wazima wanaozunguka maboma, makanisa ya kale na makaburi, wakichimba usiku ili wapate hazina ya Wajerumani. Wengine huuza shamba la urithi ili wamlipe mganga awaonyeshe mahali. Nao pia wameuza vyote walivyo navyo! Lakini wamenunua shimo tupu, na watoto wao wamebaki na njaa.

Tulimjibu mvulana hivi: Mwanangu, fedha ilikuwapo kweli mahali hapa, ila haikuzikwa. Mwaka 1843, huko Ufaransa, ilianzishwa kazi ya Utoto Mtakatifu, ambayo ninyi ni wanachama wake. Watoto wa Ulaya walitoa senti zao, na senti hizo zilisaidia kuwakomboa watoto wa Kiafrika waliouzwa utumwani. Wengi wao waliletwa hapa Bagamoyo, wakatunzwa na kufundishwa. Wamisionari hawakuwa malaika, na maisha ya misheni yalikuwa na amri kali. Lakini mtoto aliyehesabiwa kuwa bidhaa aliitwa tena kwa jina lake. Rupia unayoitafuta, mwanangu, ilikwisha kutolewa kwa ajili ya mtoto kama wewe.

Tazameni basi, wapendwa, jinsi Injili inavyogeuka. Sisi twajidhania kuwa watafutaji, kumbe Mungu ndiye aliyetutafuta kwanza. Yeye aliiona hazina katika udongo wetu, akamtoa Mwanawe wa pekee. Na waliokombolewa nao walitoa sehemu yao. Misheni ilipoenea bara, Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882, wamisionari walifuatana na Wakristo waliotoka katika jumuiya ile ya waliokombolewa. Wengi wao hatujui majina yao, wala hatuwezi kuyaonyesha makaburi yao. Lakini imani tuliyo nayo leo imepitia mikononi mwao.

Kwa hiyo, enyi makatekista, tunawaomba neno moja. Juma hili nendeni na watoto wenu kwenye makaburi ya parokia, hata kama hayana mnara wala historia ya kuandikwa vitabuni. Waulizeni wazee: ni nani aliyefundisha sala ya kwanza katika kijiji hiki? Amelala wapi? Andikeni jina lake, palilieni kaburi lake, na mwombeeni. Jina hilo likipotea, hakuna jembe litakalolifukua.

Siku ile watoto waling'oa magugu kabla ya kukumbuka kisanduku. Kilikuwa na pipi tu, nasi tuliwagawia ndani ya basi, katika safari ya kurudi nyumbani.

Ee Bwana, uliyetununua kwa thamani kubwa, utufundishe kumthamini kila uliyemlipia. Uwajalie marehemu wetu raha ya milele. Amina.