Ndege Saba Saba

Somo letu asubuhi hii latoka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 7, aya tatu za kwanza. Mwenye Biblia karibu na aifungue. Hapo Mungu anamwagiza Nuhu aingize safinani ndege wa angani saba saba, mume na mke, kusudi mbegu yao ihifadhiwe hai. Wengi wetu tulipokuwa shule ya Jumapili tulifundishwa juu ya wanyama wawili wawili, nao hao saba tukawasahau. Leo tutawatazama hao saba, na tutaanzia bandani mwa kuku.

Sisi ni nyumba sita za usharika mmoja wa pwani, nasi twafuga kuchi. Kwa ndugu zetu wa bara wasiomjua, kuchi ni kuku mrefu wa miguu, mwenye shingo ndefu, manyoya machache yaliyobana mwilini, na upanga mdogo kichwani. Jogoo wake akikomaa hukaribia kilo 3, na wengine hupita. Hutembea kama mwenye nyumba. Ni kuku wa zamani wa pwani, ajulikanaye sana Lamu na visiwa vyake, tena wapo huko Tanzania. Wataalamu waliochunguza nasaba yake wameona undugu kati yake na kuku wa kupigana wa Asia, kama yule Shamo wa Japani. Basi yaelekea mababu zake walifika kwetu kwa kuvuka bahari.

Kuchi ana sifa, lakini mayai mengi si mojawapo. Kwa hiyo mwenye haja ya mayai humwacha upesi. Mwaka 1976 serikali yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza kuku, na watu wa vijijini wakapewa majogoo wa kigeni wa kuwapandisha kuku wao. Siku hizi wako kuku wa kienyeji walioboreshwa, na hatuwalaumu wanaowafuga. Watoto wengi wamekula mayai kwa sababu yao. Lakini jogoo mgeni akiingia kijijini hapigi hodi. Huingia kila ua, na baada ya miaka michache waona kuku wakubwa, wazuri, na kuchi hayumo.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huihesabu aina ya mnyama kuwa katika hatari kubwa kabisa ikiwa majike wazaao hawazidi 100, au madume wazaao hawazidi 5. Angalieni hesabu hiyo ya madume. Hatusemi kuchi wote wamefika hapo. Lakini katika kijiji kimoja, madume 5 ni wageni wa sherehe moja tu ya harusi.

Tena wachache wakizaana wenyewe kwa wenyewe, baba na binti, kaka na dada, vifaranga hudhoofika na mayai mengi hayaanguliwi. Ndipo twaona hekima ya wale saba. Hatudai kwamba Nuhu alikuwa bwana mifugo, ila tumejifunza kwamba mbegu haihifadhiwi na nyumba moja. Kwetu majike hukaa nyumbani kwao, na majogoo vijana wa kila uzao huhama: wa nyumba ya kwanza huenda ya pili, wa pili huenda ya tatu, mpaka wa sita arudi ya kwanza. Jogoo mmoja hupewa majike wasiozidi kumi.

Na jike akiwa amechanganyika na jogoo mwingine, twamtenga wiki tatu kabla ya kuweka mayai yake ya mbegu, kwa kuwa mbegu ya dume hukaa ndani yake hata wiki mbili na zaidi. Mayai hayo twayaandika kwa penseli, twayaweka mahali penye ubaridi, na hayapiti siku saba kabla ya kulaliwa. Mara nyingi twamwekea kuku wa kawaida ayalalie siku 21, maana kuchi ni mzito naye aweza kuyavunja. Vifaranga wake hukawia kuota manyoya, kwa hiyo mvua ya masika ni adui kuliko mwewe. Twawapa mchwa, pumba na machicha ya nazi. Utitiri twapambana nao kwa majivu. Lakini mdondo hauna majivu. Dawa yake ni chanjo, tone moja jichoni, kila miezi mitatu, na asiyechanja asije akamlaumu jirani mchawi.

Wako waliotuuliza, je, yafaa Mkristo afuge kuku aliyezaliwa kupigana? Ni kweli kuchi amefugwa na watu wengi kwa michezo ya kupiganisha majogoo na kuweka dau. Mchezo huo ni ukatili, na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inaukataza. Mithali 12, aya ya 10, yatufundisha kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Lakini jogoo hakuweka dau. Alipewa nguvu, na watu wakazitumia vibaya. Kumchinja mpaka wa mwisho kwa ajili ya dhambi ya mwanadamu hatuoni kwamba ndiyo toba.

Sasa tufike kwenye jambo lililotusumbua. Mwezi wa Desemba uliopita mnunuzi alifika kwa mama mmoja wa kwetu, mjane, akamwona jogoo wake. Alikuwa ndiye bora kuliko wote wa nyumba sita. Mnunuzi akasema, "Mama, nakupa elfu tano sasa hivi." Hakusema anampeleka wapi, nasi twajua. Mama yule alikuwa na mtoto wa kupeleka sekondari mwezi wa Januari, na sanduku la chuma lilikuwa halijanunuliwa. Akamwambia yule bwana arudi Jumatatu.

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, tukakaa chini ya mwembe. Mzee mmoja akasema, "Mama, usimwuze, Mungu atakupa." Ni neno jema, na limesemwa kwa wajane wengi. Ndipo mama mwingine, ambaye huwa hasemi sana, akauliza, "Mzee wangu, atampa kwa mkono wa nani?"

Tulinyamaza. Ndugu, ni rahisi sana kumwambia maskini atunze mbegu. Mbegu ni yetu sote, lakini njaa ni yake. Someni tena sura ya 6, aya ya 21. Kabla hata mvua haijanyesha, Nuhu aliamriwa kuweka chakula safinani, kiwe chakula chake na cha wanyama pia. Yeye aliyeagiza mbegu ihifadhiwe hakuacha nyumba ya mlinzi wa mbegu ilale na njaa. Na katika Kumbukumbu la Torati 22, aya ya 6 na ya 7, akutaye kiota aweza kuchukua makinda, lakini mama amwache aende zake. Hapo pia riziki ya mtu yatambuliwa. Hakuambiwa apite mikono mitupu.

Basi nyumba tano zilizobaki zikakubaliana kutoa shilingi elfu moja kila moja. Si mkopo. Nyumba moja haikuwa na fedha taslimu, ikatoa nazi na tetea wawili. Mwingine hajamaliza fungu lake mpaka leo, nasi hatumtaji hewani. Mnunuzi alirudi Jumatatu akaambiwa jogoo hauzwi, akaenda zake amekasirika. Mtoto aliingia shule siku tatu baada ya wenzake, na sanduku ni la kuazima. Jogoo yuko. Mayai yake 11 yanalaliwa katika nyumba ya nne, na wiki ijayo, Bwana akipenda, tutajua ni mangapi.

Tuombe. Ee Mungu wetu, uliyewaita ndege wa angani kwa jinsi zao, twakushukuru kwa yule uliyemweka katika ua wetu. Uwakumbuke usiku huu wajane wenye kitu kimoja tu cha kuuza. Uwaguse majirani zao kabla ya mnunuzi kurudi. Na yule mtoto umfungulie akili darasani. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.