Uchungu wa Lingzhi na Ini Lako

Leo tuna uyoga ambao hakuna mama atakayeutia kwenye mchuzi. Wachina wanauita lingzhi, Wajapani reishi. Huota kwenye mashina na magogo, mgumu kama ubao, mwekundu unaong'aa utadhani umepakwa vanishi. Ukionja maji yake, ni machungu kweli kweli. Uchungu huo ndio uliowavuta wanakemia.

Mwaka 1982 watafiti wa Japani walitenga ndani yake asidi walizoziita ganoderiki, za jamii ya triterpeni. Baadaye zikajaribiwa kwa panya wa maabara. Panya hupewa kaboni tetrakloridi, sumu ambayo ini lenyewe, katika jitihada ya kuivunja, huigeuza kuwa kali zaidi. Sumu hiyo huunguza mafuta ya utando wa seli, seli zinapasuka, na vimeng'enya vyake vinavujia kwenye damu. Ndivyo hivyo daktari anavyovipima akikutilia shaka ini. Basi, panya waliotangulizwa dawa ya lingzhi, vimeng'enya vilivuja kidogo kuliko kwa wenzao. Kinga hiyo ni ya kweli, nami naithamini.

Lakini tusikilizane vizuri hapa. Panya yule alipewa kipimo kinachojulikana, cha dawa iliyochujwa, tena ini lake lilikuwa zima kabla ya sumu. Wewe unauziwa kopo la unga, na ini lako huenda lina virusi vya miaka mingi. Mwaka 2004 madaktari wa Hong Kong waliripoti mgonjwa aliyeumia ini baada ya kutumia unga wa lingzhi. Mwaka 2007 wenzao wa Thailand wakaeleza kifo cha mgonjwa aliyeacha kuuchemsha uyoga huo, akaanza kumeza unga wake. Ni watu wachache, naam, ila hao nao walikuwa wakitafuta afya.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeishi na homa ya ini aina ya B, usiache vidonge vya hospitali kwa ajili ya unga wowote. Na kama tayari unautumia, siku ya kliniki beba kopo lenyewe, mwoneshe daktari. Ukiona macho yamegeuka manjano au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, acha unga siku hiyo hiyo, uende hospitali.