Mita Kwanza, Spea Baadaye: Kutafuta Kasoro ya Gari Lisilowaka



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia gari linalokataa kuwaka. Orodha ya vifaa vinavyoweza kufa kila mmoja wetu anayo kichwani, na mara nyingi ndiyo inayotuponza. Mteja akisema gari haiwaki, mkono unakimbilia betri. Betri mpya isiposaidia, anatumwa Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa ndugu zetu wa Nairobi, akatafute stata ya mtumba. Nayo isiposaidia, tunaanza kuishuku kompyuta ya gari. Fedha inayotoka kila hatua ni ya mtu, pengine dereva wa teksi ambaye jioni anadaiwa hesabu na tajiri wake. Hoja yangu ni hii: fundi asimnunulishe mteja spea yoyote kabla mita haijaonyesha kasoro iko wapi.

Kabla hata ya mita, yako masikio. Ufunguo ukigeuzwa, injini inazunguka au haizunguki? Isipozunguka, au ikizunguka kwa kujikokota, mara nyingi kasoro iko kwenye betri, nyaya, swichi, relei au stata. Ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki, betri na stata zimeshafanya kazi zao. Tafuta kwenye cheche, mafuta na mgandamizo. Bado kuna gereji ambako plagi zinafunguliwa katika gari ambalo injini yake haijageuka hata kidogo. Kazi hiyo ni bure, na mteja anailipia.

Tuanze na injini isiyozunguka. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia inasoma takriban 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi, na ikishuka chini ya 12 haina kitu cha maana. Lakini kipimo cha betri iliyotulia hakitoshi. Mweke mwenzako apige stata huku ukiitazama mita: betri nzima haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Iliyosoma 12.5 ikiwa imetulia, kisha ikaanguka hadi 7 stata inapopigwa, ichaji kikamilifu na uipime tena. Ikianguka tena, imekufa ndani. Huku pwani, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, joto huzichosha betri mapema, na hewa ya chumvi hula vichwa vyake na vibanio vya nyaya. Ule unga mweupe au wa kijani usafishe kwa maji ya moto na magadi kabla ya kusema neno lolote kuhusu betri.

Sasa nifike kwenye kipimo ambacho ningependa kila kijana aondoke nacho hapa, kwa sababu ndicho kinachookoa fedha nyingi na ndicho tunachokiruka. Chukua gari ambalo betri yake imepimwa na ni nzima, lakini ukigeuza ufunguo linatoa mlio mmoja, tak, kisha kimya. Fundi anagusa boliti kubwa ya stata kwa taa ya kupimia, taa inawaka vizuri, anaamua kwamba umeme unafika na stata ndiyo mbovu. Taa ile imemdanganya. Taa ya wati 5 inakula chini ya nusu ampea, wakati stata ya gari dogo la petroli inaweza kudai ampea 150 na zaidi. Waya uliooza ndani ya ganda lake ni kama daraja la magogo: mbuzi anavuka, lori linazama. Kama kizuizi ndani ya waya huo ni omu 0.02 tu, kwa taa hutaona tofauti yoyote, ila kwa ampea 150 unapoteza volti 3 njiani, na stata haiwezi kuzunguka kwa kilichobaki.

Kwa hiyo pima waya ukiwa kazini. Kwanza ondoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isishike. Weka mita kwenye volti, ncha nyekundu juu ya kichwa chenyewe cha chanya cha betri, wala si juu ya kibanio, ncha nyeusi kwenye boliti kubwa ya stata, kisha stata ipigwe. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, njia ya chanya ina kasoro. Halafu hamia upande wa ethi: nyeusi kwenye kichwa cha hasi, nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini. Hapo isizidi volti 0.2 au 0.3. Waya wa ethi unaounganisha injini na bodi husahaulika sana, hasa baada ya injini kushushwa na kurudishwa, na boliti yake ikikazwa juu ya rangi au kutu, gari litasumbua mpaka watu wamchoke mwenye nalo.

Nyaya zikiwa safi, pima waya mdogo wa stata wakati ufunguo umegeuzwa. Usipopata umeme, rudi nyuma kwenye relei, swichi ya ufunguo, na kwa gari la gia otomatiki ile swichi inayoruhusu kuwasha kwenye P na N pekee. Jaribu kuwasha ukiwa N kabla ya kufungua chochote. Ukipata umeme na stata inatoa mlio bila kuzunguka, hapo ndipo ishushwe. Hata hapo usikimbilie dukani. Stata nyingi za Denso zilizomo kwenye Toyota zina vipande viwili vya shaba ambavyo huliwa taratibu na moto wa kila siku. Vipande hivyo, au kaboni, vinaweza kubadilishwa peke yake, na stata ikarudi kazini.

Kwa injini inayozunguka bila kushika nitakuwa mfupi. Washa swichi bila kupiga stata, utazame dashibodi: taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, kuna uwezekano mkubwa kwamba kompyuta haipati umeme, basi tafuta fyuzi na relei kuu. Taa ya ufunguo wa usalama ikiendelea kumeta wakati swichi imewashwa, huenda gari halijautambua ufunguo. Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000 haziendeshi pampu ya mafuta mpaka injini ianze kuzunguka, kwa hiyo ukimya wa pampu kabla ya stata si ushahidi wa ubovu. Na injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina uzito, acha kupiga stata na kagua mkanda wa taimingi.

Hilux za dizeli za zamani, zile za injini ya 2L na 3L, zina mambo yake: hita za asubuhi, hewa kwenye mafuta, na ile solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu, ambayo inapaswa kutoa mlio swichi inapowashwa.

Napendekeza gereji zetu zianze kutoza ada ndogo ya kupima, na kwenye risiti viandikwe vipimo vinne: betri ikiwa imetulia, betri wakati wa stata, na volti zinazopotea upande wa chanya na wa ethi. Mteja akienda kwa fundi mwingine, aende na namba hizo mkononi.