Chumvi Kidogo Katika Maji

Somo letu la leo ni Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 2, mstari wa 19 hadi wa 22.

Watu wa Yeriko walimwendea nabii Elisha na shida moja. Mji wao ulikuwa mahali pazuri pa kukaa, lakini maji yalikuwa mabaya na nchi haikuzaa. Nabii hakuwapa hotuba ndefu. Aliagiza chombo kipya kitiwe chumvi, akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe, akaitupa humo. Kwa neno la Bwana maji yakaponywa.

Sisi wa kisiwa cha Mombasa twaielewa shida hiyo. Bahari imetuzunguka, lakini haikati kiu. Visima vya Mji wa Kale vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji ya vingi ni ya chumvichumvi. Ndani ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, lipo birika kubwa la kukingia maji ya mvua. Tangu miaka ya 1950 twaletewa maji kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Hata hivyo mfereji hukauka, na mwenye mkokoteni wa mitungi ndiye hutuokoa.

Basi mtu akisikia kwamba leo twazungumza habari ya kuwapa maji ndege, nyuki na vipepeo, aweza kuuliza: "Maji ya shomoro yatoke wapi, nami nanunua mtungi?" Ni swali la haki, na tutalijibu. Lakini kwanza tuwatazame viumbe wenyewe.

Kipepeo hupata utamu katika maua, lakini maua hayampi chumvi ya kutosha. Ndiyo maana humwona ametua juu ya tope, akinyonya unyevu. Kwa aina nyingi huyo ni dume. Chumvi aliyoipata humpa jike wakati wa kupandana, na jike huitia katika mayai. Nyuki naye mara nyingi huacha maji safi akafuata yenye chumvi kidogo. Hubeba maji mpaka mzingani, na wenzake huyapepea kwa mabawa ili makao yapoe. Ndege jike akikaribia kutaga hutafuta chokaa ya kufanyia ganda la yai.

Nyumba nyingi za Mji wa Kale hazina bustani. Zina makopo ya mrihani na asumini uani au juu ya paa. Hapo panatosha. Chukua kisahani, utie mchanga na udongo, nyunyiza maji mpaka ulowe, na utie chumvi chembe chache tu. Hicho ni cha vipepeo na nyuki. Chombo cha pili kiwe cha ndege: maji matupu, kina kifupi, na vipande vya matumbawe vitokeze juu, ili hata nyuki akija apate pa kusimama asizame. Humo usitie chumvi, kwa maana chumvi nyingi humdhuru ndege mdogo. Pembeni waweza kuweka ganda la yai lililosagwa. Mwaga maji hayo kila siku na ukisugue chombo. Mombasa haijasahau homa ya dengi ya mwaka 2013, wala chikungunya iliyozuka mwishoni mwa mwaka 2017. Mbu wake huzaliana katika maji yaliyotuama majumbani mwetu.

Sasa turudi kwa yule aliyeuliza. Ndugu yangu, kinachotakiwa ni kikombe kimoja. Maji uliyooshea mchicha, kama hayakuguswa na sabuni, yanafaa kulowesha ule mchanga. Zaburi ya 104 yatuonyesha Mungu akipeleka chemchemi mabondeni, wanyama wakanywa na ndege wakakaa karibu. Yeye hakuona kuwa ni kazi ndogo mno.

Lakini tujihadhari. Mtoto wa jirani akibisha na kidumu chake kitupu, nawe ukamfungia mlango ukaenda kujaza chombo cha ndege, hiyo si huruma, ni pambo. Katika Mathayo 10:42 Bwana ameahidi thawabu kwa ajili ya kikombe cha maji baridi apewacho mmoja wa wadogo. Anzia hapo. Moyo uliojifunza kumpa mtoto yule hautashindwa kumkumbuka shomoro.

Tena, tazameni kipimo cha chumvi. Isipokuwapo, kipepeo hupita asitue. Ikizidi, yaua. Ndivyo yalivyo maneno yetu nyumbani na barazani. Wako Wakristo ambao hawana neno kabisa mbele ya uovu. Wako wengine ambao kila neno lao ni karipio, hata watoto wao wamewakimbia. Bwana ametuita kuwa chumvi: chembe chache, zilizotiwa kwa upendo, mahali penye haja.

Tuombe. Ee Mungu, uliyeyaponya maji ya Yeriko, uiponye mioyo yetu. Uwakumbuke wote wanaoamka usiku kungoja mfereji utoe maji. Utufundishe kugawa kidogo tulicho nacho, kwa jirani na kwa viumbe vyako vyote. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.