Dishi Kuukuu Kwenye Paa Bado Lina Kazi



Satelaiti za Ulaya ziitwazo Metop hupita juu yetu asubuhi, saa nne hivi, zikituma picha za mawingu kwa masafa ya takriban megahazi 1,701. Kile kichwa cha dishi la televisheni hakishiki masafa hayo, kwa hivyo tunatengeneza chetu.

Zungusha waya wa shaba mara tano na nusu kwenye kipande cha paipu ya plastiki. Upana wa mduara uwe sentimita 5.6, na kila mzunguko uachane na mwenzake kwa sentimita 2.5. Nyuma weka bamba la alumini; hata kifuniko cha sufuria kinafaa.

Mimi nilikosea hapo. Wiki nzima nilisikia mvumo mtupu, nikalaumu waya, nikalaumu hata kompyuta. Kumbe mawimbi ya satelaiti hizi huzunguka kulia, na yakigonga dishi hugeuka kushoto. Waya basi uzungushwe kinyume cha mizunguko ya bolti ya kawaida. Shika bolti mkononi, linganisha, ndipo ukaze.

Kikuza mawimbi na kipokezi cha kuchomeka kwenye kompyuta vinanunuliwa, na kipokezi cha bei ya chini kabisa hakitoshi. Njooni wawili wawili, maana satelaiti haitulii; mmoja aifuate kwa dishi kama dakika kumi, mwingine aangalie kompyuta.

Hapa tunapokea tu. Anayetaka kurusha mawimbi aombe leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Na mvuvi asiingie baharini kwa picha yetu. Asikilize kwanza tangazo la Idara ya Hali ya Hewa.