Riwaya ya Mapenzi Siku ya Mgao

[Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka taratibu.]

  Wewe unayetusikiliza kwa redio, na wewe uliyepata karatasi hizi mkononi ili uwasomee majirani, karibu. Geuza ndoo ukae.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watalicheka: kusoma riwaya za mapenzi. Tena zile za Kikristo, ambazo binti na kijana wanapendana, wanapita kwenye taabu, wanaomba Mungu, wanakosana, wanapatana, na mwisho kuna harusi. Vitabu hivi vipo kambini. Vinafika katika maboksi ya msaada pamoja na vitabu vya shule, kisha vinapita mkono hadi mkono mpaka jalada linabanduka. Mara nyingi kurasa za mwisho hazipo. Basi wasomaji wanakaa wanabishana namna alivyoolewa, na kila mmoja ana harusi yake.

Utasikia mzee akisema: "Watoto hawajashiba, na wewe unasoma mapenzi?" Ni swali la haki, nami silipuuzi. Katika kambi nyingi mgao umepunguzwa miaka hii, na unga uliotakiwa ufike mwisho wa mwezi unaisha kabla. Kitabu hakiivishwi kwenye sufuria. Lakini siku ya mgao unasimama kwenye mstari kuanzia asubuhi hadi jua linapita utosini, na katika saa hizo kichwa chako kinafanya kazi. Kinahesabu waliokufa. Kinahesabu miaka. Kama hukukipa kichwa chako kitu kingine cha kushika, kitashika hicho hicho, leo na kesho. Hapo ndipo hadithi inapopata nafasi yake.

Wengi wanadhani vitabu vya namna hii huandikwa na watu walioshiba, waliokaa kwenye kiti kizuri wasiojua shida. Wako wa hivyo. Lakini nawaletea habari za mama mmoja Mmarekani, Grace Livingston Hill, ambaye aliandika riwaya za Kikristo za mapenzi zaidi ya 100, na wengi waliomfuata katika kazi hiyo walipita njia aliyoifungua yeye.

Alizaliwa mwaka 1865, mtoto wa mchungaji. Mwaka 1892 akaolewa na mchungaji. Wakapata watoto wawili wa kike. Mwaka 1899 mume akafa kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Muda si mrefu, baba yake naye akafariki. Mama Grace akabaki na watoto wadogo, bila mshahara wa mtu yeyote ndani ya nyumba. Alichokuwa nacho ni kalamu tu. Alikuwa ameandika tangu utotoni kwa kupenda, kwa maana shangazi yake naye alikuwa mwandishi aliyejulikana sana, na alimtia moyo tangu akiwa mdogo. Sasa ilimbidi aandike ili watoto wale.

Kwa hiyo unaposoma katika vitabu vyake binti anayehesabu sarafu mezani, akigawa hii ya mkate na hii ya kodi, ujue aliyeandika alikuwa anahesabu vilevile. Ile furaha iliyomo ndani haikutoka kwenye shibe. Ilikuwa kazi aliyoifanya kila siku, kama mama anavyofagia mbele ya hema ingawa upepo utarudisha vumbi jioni.

Kitabu chake ninachokipenda kuliko vyote kinaitwa The Enchanted Barn, kilichotoka mwaka 1918. Kwa Kiswahili tungesema Ghala la Maajabu. Nawasimulia kidogo, kwa sababu naona kama kiliandikwa kwa ajili yetu.

Kuna binti aitwaye Shirley Hollister. Ni karani mjini, anaandika hati mkato na kupiga chapa. Baba amekufa, mama ni mgonjwa, wadogo zake ni wanne. Nyumba ndogo wanayopanga itabomolewa, wameambiwa wahame, na kwa mshahara wake hakuna nyumba mjini anayoiweza. Siku moja anapanda tramu hadi nje ya mji, anatafuta tu, na huko anaona ghala kubwa la mawe la shambani, kuukuu, halina mtu. Anajiuliza: kwa nini watu wasiishi humu? Anakwenda ofisini kwa mwenye mali, anaomba apangishwe ghala.

Mtu wa kambini haoni ajabu hapo. Sisi tumeishi ndani ya turubai, tumeishi kwenye madarasa, tumefyatua matofali ya udongo tukajijengea. Lakini wasomaji wa Marekani wa wakati ule waliona ajabu kweli, familia yenye adabu yake kulala ghalani. Na uzuri wa kitabu uko katika kurasa zile za kuhamia: wapi kitanda cha mama, wapi pa kupikia, pazia gani litenganishe wavulana na wasichana, mtoto mdogo anakimbia huku na huku kwa furaha kana kwamba amepewa jumba la mfalme. Kila ninapowasomea kina mama sehemu hiyo hawakai kimya. Mmoja atasema jiko lisiwekwe upande huo, moshi utarudi ndani. Mwingine atasema kitanda cha mgonjwa kikae karibu na mlango. Wanalipanga ghala la watu kwa nusu saa nzima, na katika nusu saa hiyo sijasikia mtu anataja mstari wa unga.

Sitawaambia mapenzi yanaishaje, maana nitawaharibia. Nitasema tu kwamba mwenye ghala ana kijana wake, Sidney Graham, na kijana huyo ana macho.

Lakini kuna mahali mimi na Mama Grace tunaachana, na ninaomba mabinti wanisikilize hapa. Katika kitabu, yule kijana tajiri anatengeneza ghala kwa siri. Anatia hiki, anaongeza kile, halafu anamfanya Shirley aamini kwamba ni desturi ya kawaida kwa mpangaji yeyote. Mwandishi anaona ni upole wa moyo. Ndani ya kitabu ni kweli, kwa kuwa mwandishi amemfanya kijana kuwa mwema na hawezi kugeuka. Huku kwetu anayekupa kitu kwa siri hana mwandishi wa kumzuia. Leo ni sabuni, kesho ni vocha ya simu, keshokutwa anakuja kudai. Msaada wa kambini ni bure. Chakula, turubai, dawa, nafasi ya shule, jina kwenye orodha: hakuna mfanyakazi yeyote wa shirika, wala kiongozi wa zoni, mwenye haki ya kuomba pesa au mwili wako kwa ajili ya hayo. Akiomba, si mapenzi, na si wewe mwenye kosa. Kuna mahali pa kupeleka malalamiko katika kila kambi, na unaweza kwenda na mtu unayemwamini.

Jambo la pili mabinti walijue. Mama Grace, ambaye vitabu vyake vyote vinaishia vizuri, aliolewa mara ya pili mwaka 1904, na mpiga kinanda wa kanisani. Ndoa ile haikuwa na heri. Baada ya miaka kama 10 wakatengana, kila mtu akaishi kivyake. Aliendelea kuandika harusi za watu huku yake imevunjika. Wengine watasema basi alikuwa mnafiki. Mimi sioni hivyo. Naona aliandika ndoa kama alivyojua inapaswa kuwa, na yake ilipokuwa si hiyo, hakujilazimisha kubaki ndani yake ili hadithi ipendeze. Kama uko na mtu anayekupiga, na rafiki anakuambia vumilia, katika vitabu wanaume hubadilika kwa maombi ya mke, mkumbushe huyu mama. Maombi unaweza kuyafanya ukiwa mahali salama.

[Muziki mfupi.]

Sasa wengine mtaniambia, sisi hatuna vitabu vya Kimarekani. Ni kweli. Lakini wengi mna Biblia, na ndani yake kuna riwaya ya sura 4 tu, inaitwa Ruthu. Na wewe ndugu yangu Mwislamu usiondoke, ni habari ya wakimbizi, utaitambua.

Inaanza na njaa. Familia moja ya Bethlehemu inavuka kwenda Moabu, nchi ya jirani. Huko mume anakufa. Watoto wawili wa kiume wanaoa wasichana wa kule, kisha nao wanakufa. Wanakaa kama miaka 10. Mama, Naomi, anasikia nyumbani kuna chakula tena, anaamua kurudi, na mkwe wake Ruthu anakataa kumwacha. Angalieni jambo hili: Naomi ndiye aliyekuwa mkimbizi, na wanaporudi, Ruthu ndiye anakuwa mgeni. Wangapi hapa wameoa au kuolewa kambini na mtu wa taifa lingine? Siku ya kurudi, nani atakuwa mgeni wa nani?

Na Naomi anafika kwao akiwa amejaa uchungu. Wanawake wa mji wanapomsalimu kwa jina lake, anawaambia wasimwite hivyo tena, wamwite Mara, yaani chungu. Anamlaumu Mungu waziwazi, mbele ya watu. Nimetafuta mahali ambapo mtu anamkemea, sijapaona. Hakuna anayemwambia acha kulalamika, shukuru angalau unapumua. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaodhani kuwa na moyo wa matumaini ni kutabasamu muda wote, na anayelia hana imani. Hao wanatuchosha. Naomi alilia, na hadithi ikaendelea, naye akiwemo ndani.

Kisha Ruthu anakwenda kuokota masuke yaliyobaki nyuma ya wavunaji. Hiyo ni kazi tunayoijua. Mwanamke mgeni, peke yake, shambani kwa mtu. Boazi, mwenye shamba, jambo la kwanza analofanya si kumsifia uzuri. Anawaamuru vijana wake wasimguse. Anamwambia akisikia kiu anywe maji ya wafanyakazi. Kwa mwanamke ambaye amewahi kwenda kutafuta kuni mbali na kambi, hayo ni maneno ya mapenzi kuliko shairi lolote. Na anapotaka kumwoa, analipeleka jambo langoni mwa mji mbele ya wazee 10. Najua mtaniuliza habari za usiku ule penye uwanja wa kupuria nafaka. Wahubiri wengi hupita hapo haraka haraka. Nendeni mkasome wenyewe. Mimi naangalia tu kwamba kulipopambazuka, alikwenda langoni.

Basi namna ya kusoma. Kitabu kimoja kinatosha watu 15. Atafutwe mmoja anayejua lugha ya kitabu, Kifaransa au Kiingereza, asome ukurasa, kisha asimulie kwa Kiswahili au Kirundi kwa maneno yake. Asitafsiri neno kwa neno, watu watasinzia. Mkae wakati wa mwanga, kabla ya kupika, ili mtu asirudi nyumbani gizani. Mwishoni mwa kila sura mfunge kitabu mjadili: huyu binti amefanya vyema? Wewe ungefanyaje? Hapo utasikia watu wakisema mambo yao wenyewe kwa jina la Shirley, na ni nafuu kusema hivyo kuliko kusema mimi. Ikitokea mtu amelia, mwacheni alie. Msimlazimishe aeleze.

Wenye simu na bando, vitabu vya mwanzo vya Grace Livingston Hill ni vya zamani kiasi kwamba vingi vinapatikana bure kwenye intaneti, kwa Kiingereza, bila kuvunja sheria.

Lakini kama usingizi umekukataa kwa wiki nyingi, huli, hutaki kuona mtu, au unawaza kujidhuru, usingoje kitabu. Nenda zahanati, au mwite mhudumu wa afya wa jamii. Huo ni ugonjwa kama malaria, na kuna watu waliofundishwa kukusikiliza.

Kabla sijaondoka nina ombi. Tunataka kujua mnasoma nini huko. Andikeni jina la kitabu kwenye kipande cha karatasi, na kama kurasa za mwisho zimepotea, andikeni pia mlivyoamua kiishe. Mpeni mtu anayewagawia karatasi hizi, zitatufikia. Wiki ijayo atakuwepo mkunga kuzungumza na akina baba, ndiyo, akina baba, juu ya miezi 3 ya mwisho ya mimba.

Mimi nawatakia jioni njema.

[Muziki wa kufungia kipindi.]